Sauti, Watu na Muda: Juu ya Kuishi kwa Uimbaji wa Ibada na Tiba

Nashukuru kuona hapa Bungu watu wa zikiri na watu wa kwaya wamekaa mkeka mmoja. Katika milima hii wengi wenu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hilo halimshangazi mtu, lakini mada ya leo isingezungumzika upande mmoja ukikosekana.

Kusudi langu ni kujibu swali ambalo vijana wa siku hizi wanaliuliza kwa sauti, na wazee wao waliuliza kimoyomoyo. Je, mtu anaweza kuyatoa maisha yake kwa uimbaji wa ibada na kwa kutibu watu kwa sauti, tena akavuka mipaka ya kabila, dini na nchi? Vijana wanaona kwenye simu zao watu wa Ulaya na Marekani wanaogonga bakuli za shaba za Himalaya, wanaoongoza vikao vya kukariri maneno ya Kihindi, wanaojiita matabibu wa sauti na kutoza ada. Wanauliza kama Msambaa au Mzigua naye ana nafasi katika kazi hiyo. Jibu langu ni kwamba nafasi ipo, na kwetu ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Lakini nitadai jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu: sauti haimponyi mtu peke yake. Anayeponya ni kundi la watu waliokaa pamoja kwa utaratibu unaojulikana, kwa muda wa kutosha, na sauti ndiyo inayowaweka pamoja. Kama hilo ni kweli, basi atakaye maisha haya lazima awe mtu wa jumuiya kabla hajawa mtu wa kipaji. Nitalitetea dai hili kwa hoja nne, na zile za mwanzo zitachukua muda mrefu zaidi.

Hoja ya kwanza ni hii niliyoitaja, kwamba tiba imo katika mpangilio wa watu. Nianze na ngoma ya pepo, maana ndiyo tunayoitaja kwa kunong'ona, hali kila mtu humu ana shangazi au bibi aliyewahi kupungwa. Mwaka 1936 Hans Koritschoner, aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Hans Cory, alichapisha Uingereza makala juu ya kile alichokiita ngoma ya sheitani, na akathubutu kukieleza kuwa ni tiba ya maradhi ya nafsi, wakati ambapo watawala wengi walikiona ni ushenzi mtupu. Karibu nusu karne baadaye Mmarekani John Janzen alizunguka Kinshasa, Dar es Salaam, Uswazi na Cape Town akichunguza ngoma za namna hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1992 kilionyesha kwamba kutoka Kongo hadi kusini kabisa mwa bara zina njia moja: mtu anaugua, anaingizwa katika kundi, anafundishwa, na baadhi yao baada ya miaka wanakuwa mafundi wanaowatibu wengine. Ndiyo kusema mgonjwa wa leo ndiye atakayempigia manyanga mgonjwa wa kesho.

Tuitazame kwa karibu. Mgonjwa haji kilingeni kusikiliza muziki. Anakuja na jamaa zake, na mara nyingi ni mwanamke. Anaketishwa, anafunikwa shuka, anafukizwa ubani na udi. Wapigaji wanaanza pigo moja, fundi anamtazama mabega, anaona kimya, anawaashiria wabadilishe. Wanakwenda pigo la pili, la tatu, mpaka lipatikane lile ambalo mwili wa mgonjwa unalijibu. Kutafuta huko kunaweza kula saa nyingi, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kila mtu anajua ndiyo kazi yenyewe. Kisha pepo anapanda na kusema. Anataja anachodai: kitambaa cha rangi fulani, pete, chano chenye vyakula fulani, au mume aache jambo fulani. Jamaa wanajibu, wanabishana naye, wanaahidi mbele ya mashahidi. Sasa ondoa ngoma katika shughuli hiyo: kinabaki kikao cha ukoo ambamo mwanamke yule asingethubutu kufungua mdomo. Ondoa ukoo uache ngoma: zinabaki kelele za usiku. Sisemi pepo yupo au hayupo. Hilo kila mmoja wenu ana imani yake. Nasema kwamba hata asiyeamini kabisa anaweza kuona mtu aliyebeba uzito peke yake ameutua mbele ya watu wanaowajibika kwake, na pigo la ngoma ndilo lililomfungulia mlango.

Twende kwenye zikiri. Mnajua wanavyosimama, bega kwa bega, khalifa akishika mwendo, kila tamko likitolewa kwa pumzi inayosukumwa nje kwa pamoja, mpaka kifua cha mtu mmoja hakitofautiani na kifua cha mwenzake. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchunguzi wa Luciano Bernardi na wenzake uliofanywa na watu 23 wenye afya. Waliombwa wasome Salamu Maria kwa Kilatini kama inavyosomwa katika rozari, na wakariri maneno ya ibada ya Kibuda. Katika hali zote mbili pumzi zao zilishuka mpaka karibu sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta kumi na mbili au zaidi, na mwendo wa moyo na shinikizo la damu ukaanza kwenda pamoja na pumzi. Watu 23 ni wachache, na zikiri ya kusimama ina kasi tofauti na rozari. Hata hivyo uchunguzi huo unatuonyesha kitu kinachoweza kupimwa: maneno ya ibada yaliyopangwa kwa vipimo na kukaririwa kwa mpango humtawala msomaji pumzi bila yeye kujilazimisha. Wimbo wa Kilutheri wenye mistari mirefu, unaomlazimu besi kushikilia sauti mpaka mwisho wa mstari ndipo avute pumzi, nao unafundisha kifua namna yake ya kutulia.

Hapa najua kuna shehe na mchungaji wanaokunja uso. Pingamizi lao ni zito, nami nalijibu kwa heshima. Watasema: umeziweka rozari, zikiri na kupunga pepo katika kapu moja, na kwa kufanya hivyo umeshusha ibada ya Mungu ikawa mazoezi ya pumzi. Jibu langu ni kwamba viungo tulivyopewa ni hivi hivi. Mapafu ya anayemwabudu Mungu na mapafu ya anayempungia pepo hufanya kazi kwa namna moja, kama mguu wa anayekwenda msikitini unavyopiga hatua sawa na wa anayekwenda sokoni. Kufanana kwa mwili hakuhukumu imani. Shehe halazimiki kuingia kilingeni, wala mganga halazimiki kubatizwa. Kinachotakiwa kwa kijana anayetaka kazi hii ni kujua kwamba pote anapokwenda atakuta chombo ni kimoja, bali adabu ya kukitumia ni tofauti, na adabu hiyo ndiyo atakayohukumiwa nayo.

Tena historia ya dini zetu wenyewe inatutaka tuwe na subira katika kuhukumu. Habib Saleh, sharifu mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu na kuuanzisha msikiti wa Riyadha, aliingiza maulidi ya al-Habshi yaliyosomwa kwa matari, akawafundisha watu wa chini na watumwa wa zamani. Wako wakubwa wa mji waliomlaumu vikali kwa kupiga matari msikitini. Alifariki mwaka 1935, na leo maulidi ya Lamu yanawakusanya watu kutoka pwani yote na visiwani. Habib Saleh alikuwa pia mtu wa dawa. Elimu, dua na miti shamba vilikaa katika nyumba moja. Bagamoyo, Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka upande wa Kongo, alipanda kwa elimu mpaka akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Kadiria kabla ya kufariki mwaka 1931. Upande wa Kikristo, wamisionari wengi waliikataza ngoma kanisani. Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, aliandika mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza muziki wa jadi wa watu uheshimiwe katika ibada. Mwaka 1966 mchungaji wa Kilutheri Bernard Kyamanywa alitunga maneno ya wimbo wa Pasaka kwa mahadhi ya Kihaya, na sasa wimbo ule umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani. Kilichokataliwa na baba kimekuwa fahari ya mjukuu. Sisemi kila kitu kitakubaliwa hivyo, wala kwamba kila kilichokatazwa kilikatazwa kwa kosa. Nasema mipaka hii imekuwa ikichorwa na watu waliokaa, wakasoma, wakajadiliana, na kijana anayetaka kuivuka inampasa naye akae, asome, ajadiliane.

Hoja ya pili, basi, ni juu ya kuvuka tamaduni kwenyewe. Watu husema jambo hili kana kwamba limeletwa na ndege na intaneti. Wazigua wanajua vingine. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani wakafikishwa mpaka pwani ya Somalia. Walitoroka mashambani, simulizi zao zikisema waliongozwa na mwanamke aitwaye Wanakhucha, wakaweka makazi katika misitu ya mto Juba. Huko waliishi zaidi ya miaka 150 wakiwa wachache kati ya watu wa lugha nyingine, wakasilimu, na bado wakabaki na Kizigua chao na ibada za ukoo wanazoziita mviko, zenye nyimbo na ngoma zake, ambazo mtafiti Mwitaliano Francesca Declich amezieleza kwa kirefu. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, wengi walikimbia, na sehemu yao walirudi hapa hapa Handeni, kwanza Mkuyu, kisha makazi ya Chogo, wakapewa uraia wa nchi ambayo babu zao walitolewa. Wengine wakapelekwa Marekani. Mtu akitaka mfano wa uimbaji wa ibada uliovuka tamaduni, asipande ndege. Apande basi la Handeni.

Tazameni pia ng'ambo ya bahari. Katika jimbo la Gujarat, India, wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Ngoma yao wanaiita goma, moja ya ngoma zao za kupiga inaitwa musindo, na wanazipiga katika kaburi la walii wao Bava Gor huko Ratanpur, mahali ambapo Waislamu na Wahindu pia huleta wagonjwa waliopandwa na mapepo. Walipoteza karibu lugha yote waliyokwenda nayo. Hawakupoteza ngoma, na ngoma hiyo haikuwa burudani peke yake; iliwapa kazi yenye heshima katika nchi ngeni, kazi ya kuwatunza watu waliovurugikiwa.

Nini tunajifunza? Kwamba sauti ilipovuka ikadumu, ilivuka pamoja na watu wake, au ilipokelewa na watu waliokuwa tayari kuishi nayo. Mviko haukuvuka peke yake. Ulibebwa na koo. Maulidi ya al-Habshi yalitoka Hadhramaut kwa mikono ya wanafunzi waliopewa ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, na kila mwanafunzi alijua jina la mwalimu wa mwalimu wake. Hapa ndipo ninapotofautiana na biashara ya sasa ya tiba ya sauti. Mtu anahudhuria mafunzo ya mwisho wa wiki moja, ananunua bakuli, anarudi kwao na cheti. Hapana shaka wapo miongoni mwao wanyofu, na wapo waliowapunguzia watu usiku wa kukosa usingizi. Ila nyuma ya bakuli lile hakuna anayewajibika. Mgonjwa akivurugika zaidi katikati ya kikao, hakuna fundi mkuu wa kuitwa, hakuna jamaa, hakuna kesho. Kwa hiyo kijana wa Bungu anayevutiwa na nyimbo za Kihindi, za Kiarabu au za Kihabeshi namshauri ajifunze kwa mwenye nazo, akae naye, ale kwake, aombe ruhusa ya kuzifundisha kwingine, na akinyimwa akubali. Vilevile mgeni anayekuja kurekodi kilinge chetu au halaka yetu ya zikiri tumtake hayo hayo, bila kumwonea na bila kumwonea haya.

Pingamizi la pili hutoka kwa wenye dhamana ya afya. Wananiambia, na si bila sababu: ukiwapa watu ruhusa ya kuimba, wataacha vidonge. Hili ndilo pingamizi ninaloliogopa kuliko yote, na ndilo linalonipeleka kwenye hoja ya tatu, kwamba mwimbaji wa tiba asiye jirani wa hospitali ni hatari.

Ushahidi wenyewe kwanza. Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio 73 yaliyohusu karibu wagonjwa 7,000 waliopasuliwa. Waliosikilizishwa muziki walikuwa na maumivu na hofu kidogo kuliko wenzao, na walihitaji dawa kidogo za kutuliza maumivu. Mwaka 2017 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kupima ushahidi bila kuupendelea, ilipitia majaribio ya tiba ya muziki kwa wenye sonona, yaliyojumuisha watu 421, ikaona kwamba muziki ukiongezwa juu ya matibabu ya kawaida unaleta nafuu kwa muda mfupi. Mapitio mengine ya mwaka huo juu ya wagonjwa wa skizofrenia, watu 1,215, yalionyesha nafuu pia, na yakasema kitu ambacho naomba mkizingatie: nafuu hiyo ilitegemea idadi ya vikao na ubora wa anayeviongoza. Tulichofundishwa na kilinge, kwamba kazi hii inataka muda na fundi, kimerudi kwetu katika lugha ya takwimu. Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya Ulaya ilikusanya tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya na ikazisihi serikali zizipe nafasi.

Angalieni lakini yaliyosemwa na yasiyosemwa. Yamesemwa nafuu, tena juu ya dawa. Hayakusemwa mahali pa dawa. Hakuna lililopatikana linaloonyesha kwamba muziki unaondoa kifafa, malaria, saratani au virusi vya Ukimwi. Madai yanayozunguka kwamba ala zikipandishwa mpaka mtetemo wa namba fulani zinatengeneza chembe za mwili hayana ushahidi, na anayeyauza anauza hewa. Nchi yetu imeonja gharama ya tumaini lisilo na mipaka: mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na wapo walioacha dawa zao za kila siku. Nje ya nchi gharama imekuwa mbaya zaidi. Tarehe 6 Agosti 2001, huko Erwadi kusini mwa India, nyumba ya wagonjwa wa akili iliyojengwa karibu na kaburi la walii iliungua, wakafa watu 28 waliokuwa wamefungwa minyororo ili wasitoroke. Walipelekwa kule kuombewa.

Jawabu la India kwa maafa yale linatufaa. Katika dargah (kaburi la walii) ya Mira Datar, Gujarat, ulianzishwa mpango wa Dava na Dua, yaani dawa na dua. Wasimamizi wa dargah na madaktari wa akili wanafanya kazi mahali pamoja. Anayekuja kuombewa anaombewa, na akionekana ana ugonjwa unaotibika anaonana na daktari siku hiyo hiyo, pasipo kuambiwa achague. Kwetu nako si jambo geni. Tanga, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, waganga wa mitishamba wa upande wa Pangani na watumishi wa hospitali ya Bombo walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi, kila mmoja akijua mwisho wa kazi yake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ilikuja ikawapa waganga baraza na utaratibu wa kusajiliwa.

Na hapa milimani tuna hospitali ya Lutindi. Nadhani hatuithamini inavyostahili, labda kwa sababu tumezoea kuwatishia watoto kwa jina lake. Lutindi ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makimbilio ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa nyumba ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika koloni lote la Wajerumani hapa Afrika Mashariki, miongo kadhaa kabla ya hospitali ya Mirembe ya Dodoma. Walioiendesha walitoka Bethel, karibu na Bielefeld, makazi ya wagonjwa wa kifafa yaliyoongozwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh tangu 1872. Bethel hiyo hiyo ndiko alikofika Mchungaji Johannes Kuhlo mwaka 1893, mtu aliyeeneza vikundi vya tarumbeta katika makanisa ya Ujerumani. Fikirini: mji wa wagonjwa, ambamo kazi za mikono, sala za asubuhi na tarumbeta vilikuwa sehemu ya siku moja. Matarumbeta tunayoyasikia leo kwenye mazishi na harusi za Kilutheri ni jamaa wa desturi hiyo. Lutindi ilirithi imani kwamba mgonjwa wa akili anahitaji kazi, ratiba na wenzake, na mpaka leo kazi za mikono ni sehemu ya tiba yake. Sitaki kuisifu kupita kiasi. Nyumba zile za wakati wa ukoloni zilikuwa pia na ukali na dharau zake. Lakini wazo la msingi, kwamba mtu hurudishiwa akili yake akiwa kati ya watu wanaofanya jambo pamoja kwa saa zinazojulikana, ndilo lile lile la kilinge na la halaka. Limekuja kwetu kwa njia tatu tofauti, nasi tumeziacha zikae bila kusalimiana.

Basi mwimbaji wa tiba ninayemfikiria anajua mambo machache ya kitabibu kwa uhakika. Anajua kifafa kina dawa, na kwamba mtu anayeanguka na kutetemeka apelekwe zahanati kabla ya kupelekwa kokote. Anajua dalili za mtu anayetaka kujiua, na hamwachi peke yake. Hamwambii mtu aache kidonge, hata pepo akidai. Najua baadhi ya mafundi watanijibu kwamba pepo ana amri yake. Nawaomba waitafakari desturi yao wenyewe, ambamo jamaa hubishana na pepo na kumpunguzia madai. Suala la vidonge nalo liwekwe mezani kwa njia hiyo.

Hoja ya nne ni riziki, nami sitakawia nayo, ingawa najua vijana ndiyo waliyoisubiri. Wapo wanaosema ibada hailipwi, na anayelipwa amekwisha kuiharibu. Hilo halijawahi kuwa kweli kwa ukamilifu. Msomaji wa maulidi hupewa bahasha, fundi hupewa chano na kuku, mwalimu wa kwaya hupewa posho, hata kama kidogo cha kusikitisha. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, waliishi kwa sauti zao, na Bi Kidude hakuacha kuwafunda wari unyagoni hata alipokuwa akialikwa Ulaya. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na neno la kushika pale ni kwao. Anayetunzwa kwao anaweza kwenda nje akarudi. Asiyejulikana kwao anauza kitu ambacho mnunuzi hana namna ya kukikagua. Mafunzo nayo yapo: chuo cha Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, chuo cha muziki cha nchi za majahazi pale Zanzibar, tangu 2002, masomo ya muziki Makumira. Lakini hakuna hata kimoja kinachofundisha kuimba kando ya kitanda cha mgonjwa. Mafunzo hayo yatabidi tuyatengeneze wenyewe, na kijana atabidi awe na shamba au ufundi mwingine mkononi. Sioni aibu katika hilo. Makhalifa wetu wengi na wazee wengi wa kanisa wamelima chai na migomba maisha yao yote.

Naja kwenye yaliyo mbele. Tunaweza kuanza bila fedha za mfadhili. Wako wazee, wanawake hasa, wanaojua nyimbo za tambiko na za kupunga ambazo hakuna aliyeziandika, na wako makhalifa wanaojua nyiradi zenye mahadhi ya huku tu. Warekodiwe kwa ridhaa yao, jina la mwenye wimbo liandikwe, na nakala ibaki hapa Bungu kwenye shule au ofisi ya kata, asije mtu akatuuzia zetu. Wimbo ambao mwenyewe anasema ni wa siri usirekodiwe. Pili, tuombe uongozi wa hospitali ya Lutindi uturuhusu kikao kimoja cha uimbaji kila mwezi, chini ya muuguzi, na waende watu wale wale kwa mwaka mzima badala ya kwaya mpya kila Krismasi inayoimba, ikapiga picha, ikaondoka. Kwaya iimbe mwezi wake, watu wa kasida mwezi wao, na wagonjwa nao waimbe na wapige. Hapo ndipo ilipo tiba yenyewe. Muuguzi aandike anachokiona: nani alilala vizuri, nani alisema baada ya kimya, nani alivurugika. Baada ya mwaka tutakuwa na daftari la kumwonyesha daktari yeyote anayetutilia shaka, na kama litaonyesha kwamba hatukusaidia kitu, nalo tutalisoma hadharani katika ukumbi huu.

Maswali nitayapokea sasa, na hasa ya wale waliokuwa wakitikisa kichwa. Baadaye naomba walimu wa kwaya na makhalifa wasitawanyike, tukae tukubaliane nani ataandika barua ya Lutindi, na kila upande utoe vijana wawili wa kuanza kazi kabla mvua za masika hazijaifunga barabara.